Faith No More: bendi iliyobadilisha kila mtu isipokuwa watatu

Wengi wanaoikumbuka bendi ya roki ya Marekani, Faith No More, humkumbuka samaki kwanza. Video ya wimbo wao "Epic" inapoelekea mwisho, samaki mzima aliyetolewa majini anatapatapa taratibu mbele ya kamera, mdomo ukifunguka na kufunga, kisha piano inalipuliwa. Kabla ya hapo karibu muda wote macho ni kwa kijana mmoja mwenye nywele ndefu, beti anazifoka kama rapa na kiitikio anakiimba kwa sauti inayopitia puani. Huyo ni Mike Patton. Muulize mtu aliyeiona video hiyo mwaka 1990 mwenye Faith No More ni nani, atamtaja yeye bila kufikiri mara mbili.

Amekosea. Ni kosa la kueleweka, kwa sababu macho ya mtazamaji huenda kwa mwenye maikrofoni, lakini ndilo linaloifanya historia ya bendi hii ionekane kama uzi uliochezewa na paka. Ukiifuata kwa kumwangalia mwimbaji utakuta bendi tatu zisizofanana. Ukiifuata kwa kumwangalia mpiga gitaa utakuta watu wanaingia na kutoka kama abiria. Rudi nyuma ya jukwaa, palipo na besi, dramu na kinanda, na utakuta Billy Gould, Mike Bordin na Roddy Bottum. Hao walikuwepo kwenye kila albamu, kuanzia ya 1985 hadi ya 2015. Kila aliyesimama mbele yao alikuja kukuta nyumba imeshajengwa.

Hata jina la bendi ni la habari hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jijini San Francisco, kulikuwa na bendi iliyoitwa Faith No Man. Kiongozi wake alikuwa Mike Morris, aliyepiga gitaa na kuimba. Gould alikuwa kwenye besi, Bordin kwenye dramu, na baadaye Bottum akaja kwenye kinanda kuchukua nafasi ya Wade Worthington. Gould na Bottum walikuwa wamefahamiana tangu utotoni huko Los Angeles. Vijana hawa walipomchoka Morris hawakumfukuza. Waliondoka wao wote, wakamwachia bendi yake na hewa ndani yake, kisha wakaanzisha nyingine. Neno "Man" likageuzwa kuwa "More": yule bwana hayupo tena. Jina linalosikika kama kilio cha mtu aliyepoteza imani kumbe ni utani kuhusu kumtoroka bosi, na tangu siku ya kwanza lilikuwa linaonya kila atakayesimama mbele ya watu hawa.

Kwa muda hawakuwa na mwimbaji kabisa. Watu walijaribiwa mmoja baada ya mwingine, akiwemo Courtney Love, aliyeimba nao kwa miezi michache miaka mingi kabla dunia haijamjua kama kiongozi wa bendi ya Hole na mke wa Kurt Cobain wa Nirvana. Kilichokuwa kikikua wakati huo ni mlio. Bordin alikuwa amesoma ngoma za Afrika Magharibi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mtu akishaambiwa hivyo hupata shida kutolisikia jambo hilo. Hapigi dramu kwa mtindo wa roki wa kulinda mwendo tu ili gitaa lipite juu. Anazipiga zile ngoma kubwa kwa uzito na kwa kurudia, kana kwamba ndizo zinazobeba wimbo. Besi ya Gould inafuata nyayo zizo hizo: nyuzi zinagongwa zaidi ya kuchezwa. Juu ya mzigo huo Bottum anatandaza sauti ndefu za kinanda, pana na zenye huzuni kidogo, kama za filamu.

Kilichobaki ni gitaa. Bordin alikuwa amecheza bendi moja na vijana wawili enzi za shule: Cliff Burton, aliyekuja kuwa mpiga besi wa Metallica, na Jim Martin. Burton ndiye aliyewashauri wamchukue Martin. Basi katikati ya watu waliokulia kwenye panki, ile roki ghafi ya kasi, na majaribio ya kila namna akaingia mtu wa metali hasa, ile roki nzito ya gitaa: nywele ndefu, ndevu, miwani, na gitaa linalokata kama msumeno.

Hapa ndipo penye jibu la swali kwamba muziki wao ni wa aina gani. Watu wanapouita "metali mbadala" huonekana kama wametaja mtindo wenye kanuni zake, kama vile rumba au taarabu. Hapana. Ni kapu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na bendi kadhaa za Marekani zilizokuwa na gitaa zito la metali lakini ambazo mashabiki wa metali wenyewe hawakuwa na uhakika nazo: Jane's Addiction, Living Colour, baadaye Helmet na Tool. Moja ilileta fanki, nyingine panki, nyingine hesabu ngumu za mapigo. Kinachoziunganisha ni kile zisichokuwa nacho. Hazina solo za gitaa za kujionyesha kila wimbo, hazina mavazi ya ngozi na hadithi za mazimwi, na haziogopi kuchanganya. Kwa Faith No More mchanganyiko huo haukuwa mpango wa mtu yeyote. Ni watu watano wasiokubaliana ladha, waliofungiwa chumba kimoja cha mazoezi, wa metali akiwa mmoja tu.

Mwimbaji wa kwanza kurekodi nao albamu alikuwa Chuck Mosley. Sauti yake haikuwa nzuri kwa vipimo vya kawaida. Aliimba kidogo pembeni ya noti, kama mtu anayekusimulia jambo huku amekasirika na amechoka kwa wakati mmoja. Albamu ya 1985, "We Care a Lot", ilitolewa na kampuni ndogo ya San Francisco, Mordam. Wimbo wenye jina hilo ulitoka katika kipindi ambacho wanamuziki wakubwa walikuwa wakipanda majukwaani kwa ajili ya misaada, na wenyewe ni orodha ndefu ya mambo ambayo "tunayajali sana": majanga, moto, wanasesere wa madukani, tamasha la Live Aid lenyewe. Kila kitu kinajaliwa kwa uzito uleule, na hapo ndipo penye kejeli. Waliurekodi tena kwa albamu ya 1987, "Introduce Yourself", iliyotolewa na kampuni ya Slash, na miaka mingi baadaye ukawa wimbo wa kufungulia kipindi cha televisheni cha "Dirty Jobs" kinachohusu kazi chafu za watu wa kawaida. Sijui ni mara ngapi kejeli imewahi kupata kazi ya kudumu namna hiyo.

Mosley alikuwa mlevi na mgomvi, na inasimuliwa kwamba alilala usingizi jukwaani kwenye sherehe ya kuizindua albamu hiyo ya pili. Mwaka 1988 akatolewa. Jim Martin alikuwa amesikia kanda ya bendi ya vijana wa Eureka, mji mdogo wa kaskazini mwa California. Bendi ilikuwa Mr. Bungle na mwimbaji wake ni Patton, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akiimba kama mtu mwenye watu kadhaa kooni.

Ningeomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo hadithi inayosimuliwa mara nyingi inapopinda. Inasemwa Patton alikuja akaibadilisha bendi. Ukweli ni kwamba alipofika, muziki wa albamu ya tatu, "The Real Thing", kwa sehemu kubwa ulikuwa umeshatungwa. Walikuwa wakiurekodi Sausalito, ng'ambo ya daraja kutoka San Francisco, chini ya mtayarishaji wao wa siku nyingi, Matt Wallace. Kijana alipewa nyimbo zisizo na maneno, na kwa takriban wiki mbili akaandika mashairi yote. Hebu fikiri kupewa nguo zilizokwisha kukatwa na kushonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, ukaambiwa uzivae hadharani kesho. Zilimkaa vizuri mno, ndiyo maana watu wakadhani ni yeye aliyezishona.

Albamu ilitoka Juni 1989 na kwa miezi mingi haikufanya lolote la maana. Kisha MTV, kituo cha televisheni cha muziki, ikaanza kuirudia video ya "Epic", na mambo yakawaka. Wimbo ulifika nafasi ya 9 katika chati kuu ya Marekani na nafasi ya 1 Australia. Albamu yenyewe ilifika namba 11 nchini mwao, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kutoka, na ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Januari 1991 walikuwa uwanja wa Maracanã nchini Brazil, kwenye tamasha la Rock in Rio, na Amerika Kusini haikuwasahau tena.

Sikiliza "Epic" leo kwa sikio la nyuma ya jukwaa. Wimbo unafunguka kwa gitaa na kinanda kwa pamoja, kwa kishindo, halafu gitaa linanyamaza na kuziachia besi na dramu beti nzima. Patton anafoka juu ya mapigo ambayo yangetosha kuchezewa bila yeye. Kiitikio kinauliza "ni nini hiki?" na jibu linalorudi ni kwamba ndicho hicho, basi. Martin anapewa solo yake. Na wimbo unapokwisha, gitaa limenyamaza, mwimbaji amenyamaza, kinabaki kinanda peke yake kikipiga noti chache za majonzi kana kwamba kimetoka wimbo mwingine. Neno la mwisho ni la Bottum. Piano inayolipuka kwenye video ni sauti hiyo hiyo ikizimwa kwa baruti.

Umaarufu ulileta na ugomvi wake. Anthony Kiedis wa Red Hot Chili Peppers alimlaumu Patton hadharani kwamba ameiga mtindo wake wa jukwaani, na uhasama huo uliburuzwa miaka kumi. Nauacha hapo. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mashabiki wapya walikuja wakitaka "Epic" ya pili, na ya tatu, na kampuni ilitaka vivyo hivyo.

Mgema alikuwa amesifiwa, na wenye kampuni waliogopa atalitia tembo maji. Bendi ililitia pilipili. "Angel Dust", ya Juni 1992, ndiyo albamu ya kwanza ambayo Patton alikuwepo tangu utunzi, na watu watatu wa nyuma walionekana kufurahia kupata mtu wa nne mwenye wazimu wa aina yao. Kuna wimbo uliojengwa kwa misemo ya kujipa moyo, kuna sauti za kwaya ya vijana wanaoshangilia, kuna mngurumo unaotisha, kisha unakuja wimbo laini kabisa uliochukuliwa kwenye filamu ya miaka ya 1960. Kava ya mbele ni yangeyange mweupe, shingo imejipinda kwa madaha. Geuza: nyuma kuna kichwa cha ng'ombe kilichoning'inizwa machinjioni. Sijaona kava nyingine inayoeleza yaliyomo kwa uaminifu kiasi hicho. Wanabendi wamesimulia kwamba mkubwa mmoja wa kampuni, baada ya kuusikiliza mzigo huo, aliwaambia anatumaini hakuna kati yao aliyekwisha kununua nyumba.

Je, ilianguka? Inategemea umesimama wapi. Marekani iliuza kidogo kuliko iliyotangulia, na kwa miaka mingi magazeti ya huko yaliitaja kama mfano wa bendi iliyojichimbia kaburi. Uingereza ilifika namba 2. Nje ya Marekani hakuna albamu yao iliyouza zaidi. Na bendi nyingi zilizokuja kutawala metali miaka ya mwisho ya 1990, Korn na Deftones miongoni mwao, zimeitaja Faith No More kama mojawapo ya chemchemi zao. Wenyewe hawakuonekana kuwa na hamu kubwa ya kudai uzazi huo.

Katika ziara za kipindi hicho, zikiwemo zile za viwanjani walizosindikizana na Guns N' Roses na Metallica mwaka 1992, palizuka kisa ninachokipenda kuliko vyote. "The Real Thing" ilikuwa na wimbo wa Black Sabbath, wakongwe wa metali, "War Pigs", na mashabiki wa metali kila onyesho walikuwa wakiuomba kwa kelele. Bendi ikachoka. Badala yake ikaanza kuwapigia "Easy" wa Commodores, wimbo wa mapenzi wa Jumapili asubuhi, tena kwa adabu zote, bila kuharibu noti hata moja. Watu wenye fulana nyeusi wakabaki wameduwaa. Lakini mzaha ulikuwa mtamu kupita kiasi: uliporekodiwa na kutolewa, "Easy" ulifika nafasi ya 3 Uingereza mwanzoni mwa 1993 na ya 1 Australia. Hadi leo wapo watu wanaodhani Faith No More ni bendi ya nyimbo za mapenzi.

Aliyekerwa na mwelekeo huu wote ni Martin, na hakuficha. Mwishoni mwa 1993 hakuwa tena kwenye bendi. Simulizi iliyozoeleka ni kwamba alipewa habari kwa faksi; yeye mwenyewe amesema aliondoka kwa hiari yake. Kwa vyovyote, alikwenda zake kulima maboga, na si kwa masihara: amekuwa akishindania maboga makubwa ya zaidi ya kilo 400 na kushinda.

Kuanzia hapo kiti cha gitaa kikawa cha moto. Trey Spruance, mwenzake Patton wa Mr. Bungle, alirekodi "King for a Day... Fool for a Lifetime" ya 1995 na akaondoka kabla ya ziara. Dean Menta, aliyekuwa fundi wa vinanda wa bendi, akapandishwa jukwaani. Baadaye akaja Jon Hudson, ambaye yupo mpaka leo. Wapiga gitaa wanne ndani ya miaka minne ni wengi kwa bendi yoyote ya metali, mbadala au si mbadala; lakini chukua albamu hizo uzisikilize, gitaa limebadilika mikono na nyumba haijatikisika.

Kilichoitikisa ni kingine. Safari hii ufa ulipita kwa wale watatu. Bottum, aliyekuwa amejitangaza hadharani kuwa shoga mwaka 1993, wakati ambapo kwenye metali jambo hilo halikuwa likisemwa, alifiwa na baba yake, kisha rafiki yake Kurt Cobain akafa Aprili 1994. Kwenye albamu ya 1995 kinanda kinasikika kwa uchache mno. Bila ile sauti pana ya nyuma, nyimbo ni kavu na kali; zipo nzuri sana, ila ni kama chumba kilichotolewa mapazia. Kisha "Album of the Year" ikatoka Juni 1997, ikiwa na picha ya Tomáš Masaryk, rais wa kwanza wa Chekoslovakia, kwenye kava, na picha za msafara wa kumzika ndani. Bendi inapochagua mazishi ya rais kupamba kazi yake, mtu asishangae kinachofuata. Onyesho la mwisho lilikuwa Lisbon tarehe 7 Aprili 1998, na mwezi huohuo likatoka tangazo la kuachana.

Walitawanyika kila mtu na njia yake. Bordin alikwenda kumpigia dramu Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, na mwaka 1997 alikuwa ameshakalia kiti cha Black Sabbath wenyewe kwa muda. Yule aliyekuwa akiombwa "War Pigs" kila usiku akaja kuupiga pamoja na wenye nao. Bottum alikuwa na bendi ya Imperial Teen. Gould akaanzisha lebo ya Koolarrow. Patton mwaka 1999 alishiriki kuanzisha lebo ya Ipecac, akawa na bendi nyingi kuliko siku za wiki.

Walirudi 2009. Tarehe 10 Juni, ukumbi wa Brixton Academy, London, watu waliosubiri miaka 11 kusikia mngurumo waliona wanaume wanaingia na suti na kuanza na "Reunited", wimbo mwingine laini wa mapenzi, kuhusu wawili waliorudiana. Hawakuwa wamejifunza adabu. Walizunguka miaka kadhaa bila wimbo mpya, na Julai 2014, Hyde Park, London, wakapanda jukwaani wamevaa kanzu za mapadri na kupiga nyimbo mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Hizo zilikuwa mwanzo wa "Sol Invictus" ya Mei 2015. Waliirekodi wenyewe katika chumba chao cha mazoezi Oakland, Gould akiwa mtayarishaji, na wakaitoa kwa lebo yao. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu albamu ya Masaryk. Kinanda kimerudi mahali pake, na unakisikia tangu wimbo wa kwanza.

Hata Mosley hakuachwa nje moja kwa moja. Mwaka 2010 alipandishwa jukwaani San Francisco, na Agosti 2016, albamu ya kwanza ilipotolewa upya, alisimama tena mbele ya wale watatu kwa maonyesho mawili huko California, akiimba nyimbo zake pembeni ya noti kama zamani. Alifariki Novemba 2017 akiwa na miaka 57.

Ziara kubwa iliyopangwa 2020 iliahirishwa kwa sababu ya Uviko. Septemba 2021, siku chache kabla ya kuanza tena, Patton alitangaza kwamba hali yake ya afya ya akili haimruhusu, na maonyesho yakafutwa. Baadaye alieleza kwamba alikuwa akipambana na hofu ya kutoka nje na kukutana na watu. Alirudi jukwaani na bendi zake nyingine. Kwa Faith No More hajarudi.

Mwaka 1988 walimtoa mwimbaji, na Januari iliyofuata mwingine alikuwa studio akiandika maneno juu ya nyimbo zilizokuwa zikimsubiri. Safari hii Gould, Bordin na Bottum wapo, Hudson yupo, na hawajamtafuta mtu.